Jibu: Namba tatu za uzi mmoja ndani ya GDB, na ipi ni ya nani

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kujibu, kwa sababu ndani yake mna maswali zaidi ya moja. Umesema kwamba seva yako ya C++ inayoendeshwa kwenye Linux, ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu), imekwama, ukaifungulia GDB (debaga, yaani programu ya kuisimamisha programu nyingine na kuichungulia ndani), na ukakuta uzi mmoja una namba tatu zisizofanana. Umesema pia kwamba ulipokuwa ukisonga mstari kwa mstari kwa amri ya `next` ulijikuta ghafla umo ndani ya uzi mwingine, na kwamba mchakato mtoto unaozaliwa na programu yako haukusimama hata mara moja pale ulipoweka alama ya kusimamisha (breakpoint). Mwishoni ukagusia mwenzako anayetumia Windows, ambaye anaona namba za sura nyingine kabisa. Nitafuata mpangilio huohuo, ingawa maneno mengi yataangukia swali la kwanza, maana ndilo lililonikesha mimi mwenyewe usiku mzima miaka kadhaa iliyopita. (Na nikisema "uzi" hapa chini sisemi huu wa mjadala tunaoandikia, bali thread: mfululizo mmoja wa kazi unaoendeshwa ndani ya programu sambamba na mingine.)

Tazama kwanza matokeo haya ya `info threads`. Yanatoka kwenye tukio nitakalolisimulia, ila nimebadilisha jina la programu na kufupisha safu ya mwisho:

```
  Id   Target Id                                   Frame
* 1    Thread 0x7f3c5a1d2740 (LWP 4127) "malipo"   __futex_abstimed_wait_common64 (...)
  2    Thread 0x7f3c599d1640 (LWP 4128) "malipo"   epoll_wait (...)
  3    Thread 0x7f3c591d0640 (LWP 4129) "malipo"   clock_nanosleep (...)
  4    Thread 0x7f3c589cf640 (LWP 4131) "malipo"   __lll_lock_wait (...)
  5    Thread 0x7f3c581ce640 (LWP 4132) "malipo"   __lll_lock_wait (...)
  6    Thread 0x7f3c579cd640 (LWP 4133) "malipo"   __lll_lock_wait (...)
```

Kila mstari una namba tatu, na kila namba imetolewa na ofisi yake. Namba ya kushoto kabisa, yaani 1 hadi 6, imetolewa na GDB yenyewe. Ni sawa na kikaratasi cha foleni unachochukua mlangoni pa benki: kinaonyesha umefika wa ngapi, lakini hakina habari yoyote ya akaunti yako, na kesho namba hiyohiyo atapewa mtu mwingine. GDB huzipa nyuzi namba kadiri inavyozigundua, na uzi ukifa katikati ya kikao namba yake haipewi mwingine, ndiyo maana siku nyingine utaona orodha imeruka kutoka 4 hadi 9. Ukiifunga GDB na kuifungua tena, hesabu inaanza upya, na hakuna aliyekuahidi kwamba uzi uliokuwa wa 5 jana utakuwa wa 5 leo. Faida ya namba hii ni kwamba ndiyo unayoiandika unapotoa amri: `thread 5` ili uhamie kwenye uzi huo, au `thread apply 4 6 bt` ili uone mlolongo wa miito ya nyuzi mbili kwa pamoja. Usiitafute kwenye logi, kwa sababu programu yako haijui kabisa kwamba namba hiyo ipo. Kile kinyota kinaonyesha tu uzi ambao amri zako zinauhusu kwa sasa. Hakisemi kwamba uzi huo ndio wenye kosa.

Namba inayofuata herufi LWP ni ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Herufi hizo zinasimamia jina la zamani lenye maana ya "mchakato mwepesi", na jina hilo si baya, kwa kuwa kerneli ya Linux haiweki ukuta mkubwa kati ya mchakato na uzi. Inachokijua ni kazi, na kila kazi ina namba yake, iwe imezaliwa kwa `fork` (inayozaa mchakato) au kwa `pthread_create` (inayozaa uzi), ambayo kwa ndani humwita `clone`. Kazi zinazotumia kumbukumbu moja na zilizoandikishwa katika kundi moja ndizo tunazoziita nyuzi za mchakato mmoja, na namba ya kundi hilo ndiyo inayorudishwa na `getpid`. Kwa hiyo uzi wa kwanza wa mchakato huwa na namba sawa na mchakato wenyewe, kama unavyoona 4127 hapo juu, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Ukisoma faili la `/proc/4127/task/4131/status` utakuta mstari wa `Tgid` ukisema 4127 na mstari wa `Pid` ukisema 4131. Yaani neno Pid katika faili hilo ni namba ya uzi, na namba unayoiita wewe ya mchakato imeandikwa kwenye Tgid. Safu ya PID katika `top -H` ni vivyo hivyo, ni ya nyuzi, na katika `ps -eLf` utazikuta zote mbili kwenye safu za PID na LWP.

Utaona pia kwamba katika orodha yangu 4130 haipo. Haikupotea. Nyuzi na michakato ya mashine nzima huchota namba kwenye kisima kimoja, na kati ya kuzaliwa uzi wa tatu na wa nne kulikuwa na amri ndogo iliyopita na kuichukua. Namba hizi hurudiwa pia: hesabu ikifika ukomo ulioandikwa kwenye `/proc/sys/kernel/pid_max`, ambao kwa miaka mingi ulikuwa 32768 na kwenye mashine za biti 64 unaweza kupandishwa hadi 4194304, kerneli inarudi chini na kugawa zilizoachwa wazi. Ni kama laini ya simu iliyolala muda mrefu: ukiipiga atapokea mtu, lakini si yule unayemfahamu. Logi ya wiki iliyopita inayotaja 4131 huenda inamtaja marehemu.

Namba ya tatu, ile ndefu inayoanza na 0x7f, inatoka kwenye maktaba ya nyuzi, kwa kawaida glibc (maktaba ya C ya Linux), na ndiyo thamani ya `pthread_self`. Kwa hakika si namba ya usajili bali ni anwani: mahali katika kumbukumbu ambapo maktaba imeweka maelezo ya uzi huo. Unaweza kulithibitisha jambo hili kwa kutoa tu. Chukua anwani ya uzi wa 2 utoe ya uzi wa 3, halafu ya 3 utoe ya 4, na kila mara utapata 0x801000, ambayo ni baiti 8392704: megabaiti 8 za steki (kumbukumbu ya muda ya miito) ya uzi mmoja pamoja na ukurasa mmoja wa kilobaiti 4 uliozibwa mwishoni ili steki ikifurika programu ianguke badala ya kuharibu ya jirani. Nyuzi zimepangana kama vyumba vya nyumba ya wageni. Na kama ilivyo kwa vyumba, mgeni akiondoka mwingine anaingia, tena upesi sana, kwa kuwa glibc huhifadhi steki za nyuzi zilizokufa ili izitumie tena. Nimewahi kuona logi iliyochapisha `pthread_self` ambamo anwani moja ilitumiwa na nyuzi kadhaa ndani ya dakika chache, na aliyeisoma alidhani ni uzi mmoja unaofanya kazi za kila aina.

Sasa tukio lenyewe. Nilikuwa nikiitunza huduma ya kupokea marejesho ya mikopo kwa kampuni moja hapa Dar es Salaam. Usiku wa mwisho wa mwezi huduma ikanyamaza. Prosesa ilikuwa imetulia kwenye sifuri, hakuna kosa lililoandikwa, na mstari wa mwisho wa logi ulisema kwamba "mfanyakazi 3" anaanza kufunga hesabu. Nikaiunganisha GDB kwa `gdb -p 4127`, nikaandika `thread 3`, nikakuta uzi umelala ndani ya `clock_nanosleep`. Kwa muda wa saa mbili nikautafuta ubaya wa saa: kwa nini mfanyakazi amelala badala ya kufunga hesabu, nani aliweka muda mrefu kiasi hicho, je, saa ya mashine imerudi nyuma? Hakukuwa na ubaya wowote. Ule ulikuwa uzi wa saa unaoamka kila sekunde 30 kuhesabu foleni, na ulikuwa umelala kwa sababu ndiyo kazi yake. "Mfanyakazi 3" wa kwenye logi alikuwa amepewa namba hiyo na msimbo wetu wenyewe, kwa kihesabio cha ndani kilichoanza na 1 kwa wafanyakazi peke yao, na kwa GDB yeye alikuwa wa 6. Ndipo nikagundua kwamba tulikuwa na mtoaji wa nne wa namba, naye alikuwa mimi.

Kilichonitoa kwenye giza hilo ni kuacha kuuliza uzi gani ni wa ngapi, na kuanza kuuliza kufuli gani limeshikwa na nani. Kufuli (mutex) ni kizuizi kinachoruhusu uzi mmoja tu kwa wakati kugusa data fulani. Nyuzi tatu zilikuwa zimesimama ndani ya `__lll_lock_wait`, yaani zinangojea kufuli. Nilipopanda ngazi kwa `up` katika kila mmoja, nikaona kwamba uzi wa 4 na wa 6 zinalingojea `kufuli_daftari`, na uzi wa 5 unalingojea `kufuli_foleni`. Kisha nikaandika:

```
(gdb) print kufuli_daftari.__data.__owner
$1 = 4132
(gdb) print kufuli_foleni.__data.__owner
$2 = 4131
(gdb) thread find 4132
Thread 5 has target id 'Thread 0x7f3c581ce640 (LWP 4132)'
```

Sehemu hiyo ya `__owner` ndani ya kufuli la pthread hushikilia namba ya kerneli, si ya GDB wala anwani ya maktaba. Isomwe basi upande wa LWP: 4132 ndiye uzi wa 5, ameshika daftari na anangojea foleni, 4131 ndiye uzi wa 4, ameshika foleni na anangojea daftari. Wamekabana koo. Uzi wa 6, yule "mfanyakazi 3" aliyeonekana kwenye mstari wa mwisho wa logi, hakuwa ameshika kitu. Alikuwa mpita njia aliyefika mlangoni baada ya mlango kufungwa. Marekebisho yalikuwa ya mistari michache, kuhakikisha kwamba makufuli mawili yanachukuliwa kwa mpangilio mmoja kila mahali.

Kwa kuwa wewe unatumia C++, kufuli lako huenda ni `std::mutex`, na kwa libstdc++ (maktaba ya C++ ya GCC) utaandika `print kufuli._M_mutex.__data.__owner`. Kama ni `std::shared_mutex`, linaloruhusu wasomaji wengi pamoja au mwandishi mmoja peke yake, tahadhari: kufuli la aina hiyo hukumbuka mwandishi tu, katika `__cur_writer`, ilhali wasomaji huhesabiwa idadi bila kuandikwa majina. Ukikuta mwandishi ni sifuri na bado mlango haufunguki, kuna msomaji aliyeingia akasahau kutoka, na huyo itabidi umtafute kwa kusoma milolongo ya miito ya nyuzi zote kwa `thread apply all bt`. Hakuna njia ya mkato ninayoifahamu.

Baada ya usiku ule nilifanya mambo mawili ambayo nakushauri uyafanye leo kabla hujaendelea. La kwanza ni kuzipa nyuzi majina. Umeona kwamba nyuzi zangu zote sita zinaitwa "malipo". Hiyo ni kwa sababu uzi mpya hurithi jina la uzi uliouzaa. Fanksheni ya `pthread_setname_np` inakupa nafasi ya herufi 15 za kawaida, kwa kuwa kerneli imetenga baiti 16 na ya mwisho ni ya kufungia. Ukizidisha, fanksheni hiyo hurudisha kosa la ERANGE na jina linabaki la zamani, na kwa kuwa hakuna anayekagua jibu lake, utakaa ukishangaa kwa nini "mfungaji-wa-hesabu-3" haonekani popote. Andika "mfungaji-3" na utamwona ndani ya GDB na ndani ya `top -H`. La pili ni kuandika namba ya kerneli kwenye kila mstari wa logi. Fanksheni ya `gettid` imekuwamo katika glibc tangu toleo la 2.30 la mwaka 2019. Kwenye mifumo ya zamani zaidi tumia `syscall(SYS_gettid)`. Tangu hapo mstari wa logi, mstari wa `top` na mstari wa `info threads` vinazungumza lugha moja.

Kama kwenye seva hiyohiyo una huduma za Java, mtego ni uleule kwa mavazi mengine. Matokeo ya `jstack` huonyesha `tid=0x00007f...` na `nid=...`, na mtu yeyote mwenye akili timamu angedhani kwamba tid ndiyo namba ya uzi ya kerneli. Siyo. Ile ni anwani ya umbo la ndani la mashine ya Java. Namba ya kerneli ni nid, ambayo katika matoleo ya zamani imeandikwa kwa heksadesimali na katika ya karibuni kwa desimali. Kwa Python, `threading.get_ident` inakupa thamani ya maktaba, na `threading.get_native_id`, iliyoongezwa katika toleo la 3.8, ndiyo inayokupa ya kerneli.

Jambo jingine ambalo hukulitaja lakini nalihisi, kwa kuwa umesema huduma yako imo ndani ya kontena: kontena ina sajili yake ya namba. Mchakato ambao ndani ya kontena ni namba 1, mwenyeji (mashine iliyobeba kontena) anaujua kwa namba nyingine, labda 20817, na nyuzi zake ni vivyo hivyo. Ukiendesha GDB nje ya kontena, safu ya LWP itakuonyesha namba za mwenyeji, lakini `__owner` iliyomo ndani ya kufuli iliandikwa na programu yenyewe ikiwa ndani, kwa hiyo ina namba ya ndani. Utatafuta mwenye kufuli 14 kwenye orodha ya 20817 hadi 20840 na hutampata kamwe. Daraja kati ya sajili hizo mbili ni mstari wa `NSpid` katika `/proc/20817/task/<namba ya uzi>/status`, uliopo tangu kerneli ya 4.1, ambao huandika namba ya nje kwanza kisha ya ndani kwenye mstari mmoja. Huwa napitisha `grep NSpid /proc/20817/task/*/status` mara moja na kuliacha jibu lake wazi kwenye dirisha la pembeni kabla sijagusa kitu kingine.

Sasa swali lako la `next`. Hukukosea amri. GDB ikiwa katika hali yake ya kawaida, programu ikisimama nyuzi zote husimama, na unapoandika `next` nyuzi zote huachiwa ziende wakati uzi wako unapiga hatua yake moja. Ikiwa katika mwanya huo uzi mwingine umeifikia alama yako ya kusimamisha, GDB inasimama hapo na kukuhamishia kwa huyo mwingine. Haikufichi, huandika `[Switching to Thread 0x7f3c581ce640 (LWP 4132)]` juu ya mstari wa msimbo, lakini macho yetu yakiwa kwenye msimbo hayausomi mstari huo, hasa pale ambapo nyuzi zote mbili zinaendesha fanksheni moja na mstari unaofuata unaonekana ni uleule uliokuwa ukiutarajia. Vigezo ndivyo vinavyobadilika, nawe unaanza kulaumu kikusanyaji cha msimbo (compiler). Ukiwa na shaka, andika `thread` peke yake na GDB itakuambia uko wapi. Kinga ni mbili. Unaweza kuifunga alama kwenye uzi mmoja, kama `break daftari.cpp:88 thread 4`, au unaweza kuandika `set scheduler-locking step` ili wakati wa kupiga hatua uzi wako pekee ndio uende. Kuna pia `set scheduler-locking on`, ambayo huzuia nyuzi nyingine hata unapoandika `continue`. Hiyo itumie kwa uangalifu, maana uzi wako ukifika kwenye kufuli lililoshikwa na uzi uliousimamisha wewe mwenyewe, utakuwa umetengeneza mkwamo wa mkono na utaudhani ni wa programu.

Kuhusu mchakato mtoto: `fork` ikiitwa, GDB kwa desturi hubaki na mzazi na kumwachia mtoto aende zake, kwa hiyo alama zako hazimhusu. Ukitaka kumfuata mtoto badala ya mzazi, andika `set follow-fork-mode child` kabla ya kuanza. Ukitaka wote wawili, andika `set detach-on-fork off`, kisha `info inferiors` itakuorodheshea michakato yote kwa namba za GDB pamoja na namba zake za kerneli, na `inferior 2` itakuhamishia kwa mtoto. Kumbuka kwamba katika hali hiyo mmoja wao hubaki amesimamishwa. Mzazi akiwa anamngojea mtoto kwa `waitpid`, atangoja hadi kiama, isipokuwa uandike `set schedule-multiple on`. Michakato ikiwa zaidi ya mmoja, namba za nyuzi hubadilika sura na kuwa 1.4 au 2.1, yaani mchakato kwanza na uzi baadaye; utaratibu huo uliingia na GDB 7.11 ya mwaka 2016, na maelekezo ya kabla ya hapo yanayotumia namba moja mfululizo yatakupotosha.

Kwa mtoto kuna kitu ningependa ukitazame kwa karibu, kwa sababu nashuku ndicho kinachokusumbua. `fork` hunakili kumbukumbu yote lakini huupeleka ng'ambo uzi mmoja tu, ule ulioiita. Ikiwa wakati huo uzi mwingine wa mzazi ulikuwa umeshika kufuli, nakala ya kufuli hilo inafika kwa mtoto ikiwa imefungwa, na `__owner` yake ina namba ya uzi wa mzazi. Mtoto akiligusa anakwama milele. Ndani ya GDB dalili yake haina mfano: uko kwa mtoto, `info threads` inaonyesha uzi mmoja, 2.1, uliosimama ndani ya `__lll_lock_wait`, na `__owner` inataja namba ambayo haimo katika mchakato huo hata kidogo. Rudi kwa mzazi, fanya `thread find` kwa namba hiyo, na utamkuta mwenyewe akiendelea na kazi zake bila habari. Dawa ni kuita `exec`, inayoubadilisha mchakato kuwa programu nyingine, mara tu baada ya `fork`, au kuzaa watoto kabla hujazaa nyuzi.

Mwenzako wa Windows mwambie haya machache. Katika WinDbg, debaga ya Windows, kidokezo cha `0:000>` kina namba ya mchakato kabla ya nukta mbili na namba ya uzi baada yake, na zote mbili ni za debaga, sawa na vile vikaratasi vya foleni. Amri ya `|` huorodhesha michakato na `~` huorodhesha nyuzi, ambapo ataona kitu kama `Id: 1a2c.2f40`: kushoto ni namba ya mchakato na kulia ya uzi, zote za mfumo endeshi na zote kwa heksadesimali. Hapo ndipo hukwama, kwa kuwa Task Manager humwandikia 6700 kwa desimali naye haioni 6700 popote. Akiandika `? 0n6700` atajibiwa kwamba ni 1a2c, na akiwa na namba ya uzi ya mfumo atahamia kwake kwa `~~[2f40]s`. Alama ya nukta mwanzoni mwa mstari ni uzi wa sasa, na alama ya `#` ni uzi ulioleta kosa au uliokuwa ukifanya kazi debaga ilipoingia. Asishtuke akiunganisha WinDbg kwenye programu iliyokwama na kujikuta kwenye uzi uliosimama ndani ya `DbgBreakPoint`, ulioitwa na `DbgUiRemoteBreakin`. Uzi huo si wa programu yake. Debaga ndiyo iliyoupandikiza ili kuisimamisha programu. Nimeona ripoti za hitilafu zikimshtaki huyo mgeni asiyehusika.

Ukirudi hapa, bandika matokeo kamili ya `info inferiors` na ya `thread apply all bt`, pamoja na ile `grep` ya NSpid, bila kukata mistari ya juu yenye namba za LWP, na uniambie pia kama `fork` inaitwa kabla au baada ya nyuzi zako kuanza.